Mboga za Krismasi Hupandwa Juni

Kila Desemba kikundi chetu cha WhatsApp, cha Watanzania wa Leeds na vitongoji vyake, hujaa maswali ya mboga. Mwaka huu yamezidi, kwa sababu wengi kikundini ni wageni: vijana waliokuja tangu 2022, Uingereza ilipoanza kutoa viza kwa wahudumu wa kulea wazee. Wanauliza mchicha unapatikana wapi, sukuma wiki wanauza wapi, na kwa nini kifungu kinachotosha mtu mmoja kinauzwa bei ya nyama. Binti mmoja alinitumia picha ya pakiti ya maharage machanga dukani, imeandikwa Kenya. Chini yake akaandika: "Shikamoo Shangazi. Haya yamepanda ndege kama mimi, ila yenyewe yamefika hayajachoka. Hivi hawa watu baridi ikiingia hawalimi kitu?"

Nilimjibu kwamba wanalima. Nikaanza kumweleza, maelezo yakawa marefu kuliko simu inavyostahimili, nikaona afadhali niyaandike.

Mimi ni mtoto wa Njombe, enzi hizo ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Iringa. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asiyewahi kulala huko mwezi wa saba asizungumzie baridi ya Tanzania. Kwetu mwaka wa mkulima una sehemu mbili. Mvua zikiwapo watu wako mlimani na mahindi. Mvua zikikata, mwezi wa tano hivi, wanashuka bondeni kwenye vinyungu: matuta yanayochimbwa kwenye udongo mweusi wa kando ya vijito, udongo unaobaki na unyevu kiangazi chote. Humo ndimo mama yangu alimolima kabichi, figiri, viazi mviringo, njegere na maharage. Sisi watoto tulikuwa watu wa kubeba maji na kukata nyasi.

Nyasi zilikuwa za jalidi. Usiku usio na mawingu, upepo ukiwa umetulia, mama alitazama juu kisha akasema, "Leo itaanguka." Tulishuka bondeni na mafungu ya nyasi kavu, tukafunika kitalu cha miche mstari kwa mstari, tukiacha viazi vijitetee. Asubuhi bonde lilikuwa jeupe. Majani ya viazi yaliyokuwa ya kijani jana yalikuwa yamelegea, na jua lilipopanda yakageuka meusi. Kabichi kubwa, ambazo hazikufunikwa, zilisimama zile zile, na ungeona umande ulioganda ukiyeyuka na kutiririka kwenye mikunjo ya jani. Ifikapo saa tatu asubuhi bonde lote lilikuwa limerudi kijani, isipokuwa viazi. Mama aliokota kabichi moja, akaipasua, akanipa kipande cha moyo wake nitafune nikielekea shule. Kilikuwa kitamu kuliko cha mwezi wa tano. Hakuna aliyeshangaa, kila mtu Njombe anajua kabichi ya baridi ni tamu.

Nililolitoa bondeni ni hili: baridi ni msimu wa mboga. Kwa Njombe ni kweli kabisa. Jalidi yetu huja usiku na kuondoka asubuhi, ardhi haigandi, na jua linawaka kila siku. Mchana wa Njombe haushuki chini ya saa kumi na moja na nusu, iwe Juni au Desemba. Mmea unapigwa usiku, mchana unakula.

Nilifika Leeds mwaka 2003, Novemba, na kazi ya uuguzi. Mwezi ule nilijifunza kwamba jua linaweza kuzama saa kumi kasorobo jioni. Siku fupi kuliko zote mwishoni mwa Desemba hapa ina mwanga wa saa saba na nusu hivi, na mwingi wake unachujwa na mawingu. Krismasi ya kwanza niliitumia zamu. Kantini ilitupa bata mzinga, viazi vya kuoka, na kabichi zile ndogondogo za Brussels, ukubwa wa limau changa, zilizochemshwa hadi zikapoteza rangi na heshima. Harufu yake ilifika wodini kabla ya toroli. Niliamini kabisa kwamba wazungu wamezirithi kama adhabu. Ilichukua miaka kadhaa nijue kwamba kosa ni la maji: mboga za jamii ya kabichi zikichemshwa mno hutoa ile harufu ya salfa, na zikipikwa haraka kwa moto mkali hazina neno.

Ploti niliipata baadaye. Hapa halmashauri hukodisha vipande vya ardhi kwa wakazi walime chakula chao. Sheria ya 1908 inazitaka halmashauri kutoa vipande hivyo pale wakazi wanapovidai, na kipande kizima kwa desturi ni kama mita za mraba 250. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vilizidi milioni moja nchini, kwa sababu meli za chakula zilikuwa zikizamishwa. Leo watu ni wengi kuliko vipande, kwa hiyo vingi vimegawanywa nusu na bado kuna foleni. Nilisubiri. Nilipopewa nusu yangu ilikuwa na magugu ya kiunoni, na jirani mmoja, mzee aliyekuwa mchimba makaa ya mawe hadi mgodi wao ulipofungwa.

Mzee yule hakuwa mtu wa maneno. Siku moja ya Julai, joto limenichosha, niko katikati ya mchicha na nyanya zangu, alinikuta nimejiketia. Akauliza Krismasi nitakula nini. Nikacheka. Hakucheka. Alinipa kifungu cha miche ya liki, minene kama penseli, na mpini wa koleo uliovunjika uliochongwa ncha. Akanionyesha: toboa shimo la shibiri moja, tumbukiza mche mmoja, usifukie. Mwagia maji tu. Maji huteremsha udongo kidogo kidogo kuzunguka mizizi, shimo linabaki wazi, na kadiri liki inavyonenepa inajaza shimo lenyewe na bua lake linakuwa jeupe kwa sababu halijaona mwanga. Sukuma wiki aliipanda tofauti: alishindilia udongo kwa kisigino pande zote, kisha akavuta jani moja. Jani likikatika mche umeshika. Mche ukitoka na jani, rudia. Upepo wa Februari, alisema, ndio unaong'oa sukuma iliyopandwa kwa huruma.

Ndipo nikaelewa kwa nini somo langu la bondeni halifai huku. Mchana ukishuka chini ya saa kumi, na hapa ni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari, mmea karibu unaacha kabisa kukua. Mwanga hautoshi, ardhi ni baridi. Kinachovunwa Krismasi ni kile kilichomaliza kukua Oktoba, kikasimama. Bustani ya baridi huku hailimwi baridi. Inalimwa Mei, Juni na Julai, wakati hamu yote ya mtu iko kwenye nyanya, na hiyo ndiyo sababu wengi wetu tunafika Desemba mikono mitupu na ploti tunayo.

Aliyenipa maneno ya kulisema hili hakuwa mkulima wa huku. Alikuwa mwuguzi mwenzangu wa Shinyanga, dada mcheshi aliyekuwa akiletewa michembe kutoka nyumbani kwenye mifuko ya shuka. Januari moja nilimpeleka ploti tukachume. Hakuna kilichokuwa kikikua. Liki zimesimama mstari, sukuma imeinamisha majani, karoti nyeupe za Waingereza, wenyewe huziita parsnip, ziko chini na majani yao yamekufa. Alizunguka, mikono makwapani, akasema: "Sasa Dada, hili si shamba. Hili ni ghala." Kwao, alinieleza, mavuno yakiisha viazi vitamu vinamenywa, vinakatwa na kuanikwa viwe michembe, na majani ya kunde yanakaushwa, kwa sababu kila mtu anajua miezi inayokuja haitoi kitu. Jua linakausha, wao wanaweka. Huku baridi inasimamisha, hawa wanaacha ardhini. "Mimi nawaelewa," akasema. "Wana kiangazi chao tu, kimegeuka barafu."

Nimefikiri sana kwa nini Msukuma wa nyanda kavu aliielewa baridi ya Ulaya haraka kuliko mimi niliyekua nikivunja barafu kwenye ndoo. Nadhani ni kwa sababu vinyungu vilinidekeza. Mtu wa Njombe hana miezi mitupu; akikosa mlimani anashuka bondeni. Asiyewahi kukabili miezi mitupu hajui kupanga nyuma, kuanza na siku ya kula na kuhesabu kurudi hadi siku ya kupanda. Watu wa Shinyanga, Singida na Dodoma wanalijua hilo toka zamani, na sisi wa milimani tumezoea kuwaonea huruma.

Desemba 2010 ndiyo ilinifundisha mipaka ya ghala hilo. Theluji ilianza kabla Novemba haijaisha, na mwezi ule ukawa Desemba ya baridi kali kuliko zote nchini kwa muda wa miaka mia. Ardhi iliganda. Nilikwenda ploti kung'oa liki na uma wa kulimia. Meno ya uma yaligonga udongo yakarudi. Jirani mmoja alikuwa akitumia sururu na kutoka na vipande vya liki vilivyokatika shingoni. Mzee wa makaa ya mawe hakuwa na sururu. Mwishoni mwa Novemba, aliposikia utabiri, alikuwa amezika parsnip zake kwenye sanduku la mchanga ndani ya kibanda, na mistari iliyobaki ameifunika kwa majani makavu ya ngano, unene wa goti. Alifunua, akachoma uma, ukaingia. Nilisimama nikimkumbuka mama na nyasi zake. Yeye alifunika mimea isiungue. Huyu alifunika udongo usigande. Nyasi ni zile zile.

Sukuma ilikuwa chini ya theluji. Niliikung'uta, nikachuma majani yaliyokakamaa kiasi kwamba ukikunja yanavunjika. Jikoni yaliyeyuka taratibu, yakarudi kuwa majani. Na yalikuwa matamu, utamu ule ule wa kipande cha kabichi cha njia ya shule. Sababu yake si siri: mmea wa jamii hii ukihisi baridi huongeza sukari kwenye maji ya chembe zake, na maji yenye sukari huchelewa kuganda. Parsnip hugeuza wanga wake hivyo hivyo, ndiyo maana Waingereza wa zamani hawaing'oi kabla ya jalidi ya kwanza. Mchicha haujui ujanja huo. Usiku mmoja wa Oktoba unatosha kuulaza chini, na hakuna dua ya kuusimamisha.

Kuna mahali, kati ya Leeds, Wakefield na Bradford, ambako baridi yenyewe wameiajiri. Wanalima rubabu, mmea wa mashina mekundu machachu unaopikwa kwa sukari. Mizizi huachwa shambani ipigwe na baridi ya kutosha, kisha huhamishiwa kwenye mabanda yenye joto na giza totoro, na huko huchipua haraka ikitafuta mwanga. Mashina huvunwa kwa mwanga wa mishumaa, taa isije ikayakomaza. Nilipelekwa kuona, na ukinyamaza unasikia vikonyo vikipasuka. Bila ile baridi ya nje mzizi hauamki sawasawa. Hilo nimeliweka hapa kwa faida ya wanaodhani baridi ni adui tu.

Turudi mezani. Mwaka ule wa theluji nilikuwa na likizo, na barabara zilikuwa mbaya, kwa hiyo tulikula na waliokuwa karibu. Nilipika pilau ya mbuzi, maana Krismasi bila pilau kwangu ni Jumamosi ya kawaida. Kabichi za Brussels nilizikata katikati, nikazilaza uso chini kwenye mafuta yaliyochemka pamoja na vitunguu saumu, hazikuguswa hadi zikaungua kahawia upande mmoja; kisha karanga za kutwanga, chumvi, ndimu, zikaondolewa motoni kabla hazijalegea. Mwanangu, aliyekuwa ameapa hatazigusa, alirudia. Sukuma nilipika kwa tui la nazi la kopo (nazi bado haijakubali Yorkshire). Parsnip nilizioka na bizari. Kachumbari haikuwa na nyanya, kwa kuwa nyanya za Desemba huku zina rangi tu. Nilichanganya kabichi nyekundu iliyokatwa nyembamba, karoti, kitunguu na pilipili mbuzi.

Nilipompigia mama simu na kumsomea orodha, alikaa kimya kidogo. "Umewapa wageni majani? Sikukuu?"

Ana haki yake. Kwetu Krismasi inaangukia wakati wa mvua, mahindi bado ni machanga, na heshima ya siku hiyo ni nyama na mchele. Mgeni kupewa mboga za majani ni kama kuambiwa amefika vibaya. Lakini majirani zangu wa ploti walinifungua macho. Mama mmoja wa Kireno hupika usiku wa tarehe 24 samaki wa chumvi aliyechemshwa na viazi na majani ya kabichi yao isiyofunga kichwa, ndugu kabisa wa sukuma wiki, na husema isiyopigwa na baridi haifai kwa usiku huo. Jirani wa Kipolandi, ambaye usiku huo hali nyama, hupika kabichi iliyochachushwa pamoja na uyoga mkavu. Mwingereza ana Brussels zake. Ukivua mapambo, sikukuu ya Krismasi ya Ulaya ilipikwa kwa kile kilichokuwa bado kimesimama shambani au kimewekwa stoo. Hawakuchagua kabichi kwa mapenzi. Ilibaki yenyewe, wakaipa cheo. Nami nimeanza kuipa. Mama nimemwambia, hajakubali.

Februari 2023 maduka makubwa ya hapa yaliweka kikomo cha nyanya, pilipili hoho na matango ambayo mteja mmoja anaweza kununua, baada ya hali mbaya ya hewa kuharibu mavuno ya Hispania na Moroko. Waziri wa chakula wa wakati huo, Thérèse Coffey, aliliambia Bunge kwamba watu wangeweza kula mboga za msimu, akataja tanipu. Nchi nzima ilimcheka, nami nilicheka. Ila ukiondoa siasa, nusu ya alichosema ilikuwa kweli. Nusu aliyoiacha ni kwamba tanipu ya Februari lazima mtu aipande kiangazi, na mtu huyo alipwe. Ploti yetu wiki zile ilikuwa na liki, sukuma na spinachi ile ya bua nene jeupe, na watu wawili watatu waliokuwa hawajanisalimia mwaka mzima walikuja kunisalimia.

Sisemi msinunue maharage ya Kenya. Nyuma ya pakiti ile kuna mkulima anayesomesha watoto na akina mama wanaopanga maharage hayo kwenye vikasha usiku kucha, na mimi si mtu wa kuwakatia riziki kwa sababu nina nusu ploti. Ninachopinga ni ile fikra ya wageni wetu kwamba huku mtu hula kilichoshushwa kwenye ndege au hali kitu. Anayelipwa mshahara wa kulea wazee, akatuma nyumbani, akalipa kodi ya chumba, hawezi kununua sukuma kwa gramu kila wiki. Na sikukuu za hapa ni ndefu mno kwa mtu aliye peke yake chumbani na chakula cha kupasha moto.

Kwa hiyo, wanangu, Januari andikeni majina halmashauri. Foleni ni ndefu, ndiyo maana nasema Januari. Mkisubiri, kuna ndoo: sukuma hukaa vizuri kwenye ndoo pana yenye matundu chini, kibarazani, na vitunguu saumu vinavyozikwa Oktoba havihitaji hata kuangaliwa. Mwenye ploti apande parsnip Machi au Aprili, sukuma na Brussels kitaluni kufikia Mei, ahamishie miche Juni hadi Julai, na afunike kwa wavu mapema dhidi ya vipepeo weupe na njiwa. Njiwa wa huku ni wanene kwa sababu yetu. Wavu uwe wa kukazwa, theluji isiulalie mboga. Mchicha limeni kiangazi, ukateni wote kabla ya Oktoba, chemsheni kidogo, uingie friza.

Mbegu zangu za liki nitazimwaga kwenye trei mwezi Machi. Miche itakuwa tayari Juni, na itakuwa mingi kuliko nafasi yangu. Anayeitaka aniambie kabla ya Pasaka, aje na ndoo yake.